Mpwa Wangu Hajashtakiwa

9 Januari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Mama mkiwa wazima, na kwamba paa la baraza la ofisi ya ardhi halivuji tena juu ya meza yako ya kuandikia. Mimi sijambo, isipokuwa kidole kimoja kilichokatwa na kioo wiki iliyopita, nacho kinapona. Nimeacha ukingo wa vidole viwili upande wa kushoto kama ulivyonifundisha, kwa hiyo naomba safari hii usinirudishie barua yangu ikiwa imejaa wino mwekundu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Tajiri wangu, yule mzee anayesaga lenzi huku akiimba, atastaafu mwishoni mwa mwaka ujao. Alinivuta pembeni, akafuta miwani yake kwa pindo la shati, jambo analotukataza sisi sote, akasema: "Binti, kuna mfanyabiashara anaitaka karakana hii aifanye ghala la magodoro. Nikimpa yeye, mashine ya kusagia lenzi inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wewe unaitaka?"

Nikasema naitaka.

"Una fedha?"

Nikasema sina.

"Basi tumeelewana. Hata mimi siku niliyoanza sikuwa nazo. Nenda benki."

Nilikwenda. Karani, dada mmoja mwenye kucha ndefu na ulimi mrefu kuliko kucha, aliniuliza kama nimewahi kukopa. Nikajibu "Kamwe!" kwa sauti yako ile ya mbele ya wakubwa, nikingoja sifa. Akaniambia, "Pole, dada. Basi hatukujui." Mjomba, miaka kumi na mmoja ya kulipa kodi ya chumba bila kuchelewa, na faili langu ni tupu! Alinieleza kwamba kila mkopaji anapewa alama kulingana na jinsi anavyolipa, na kwamba mkopo wa mashine hautolewi kwa mtu mwenye alama chini ya mia sita na themanini. Njia ya kuzipata ni kuwa na kadi ya mkopo, kuitumia kidogo, kuilipa yote kila mwezi, na kuwa na subira.

Amenipa fomu za kadi tatu. Nakutumia nakala zake. Nakuomba wewe, usiyeruka herufi ndogo hata kwenye kibandiko cha dawa, uzisome pande zote mbili unichagulie. Mama anasema ningekupigia simu tu, lakini najua msimamo wako: simu haina nakala.

Mpwa wako, fundi miwani.


2 Februari

YAH: UCHAGUZI WA KADI MOJA MIONGONI MWA KADI TATU

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 9 Januari ilinifikia tarehe 24, ikiwa imekunjwa mara nne badala ya tatu. Nimeipokea kwa furaha pamoja na kasoro hiyo. Mama yako, ambaye ni dada yangu na msimamizi wa nyumba hii kwa kujiteua mwenyewe, hajambo na anakusalimu. Paa lilizibwa baada ya maombi yangu manne kwa ofisi ya ardhi, la mwisho likiwa na nakala kwa watu saba.

Kabla ya kuingia katika kiini cha shauri lako, sina budi kuweka wazi kwamba neno deni halijapata kuvuka kizingiti cha nyumba hii. Meza yangu niliinunua kwa fedha taslimu. Mashine ya chapa, taslimu. Hata jino hili la mbele, ambalo wewe ulikuwa ukilicheka utotoni, ni la taslimu. Hata hivyo, kwa kuwa wakubwa wa benki wameamua kwamba mtu asiyedaiwa hajulikani, na kwa kuwa mashine ile ni riziki yako, nimeona nitoe ushauri kama ifuatavyo.

Kadi ya duka la nguo: fomu yake inaanza kwa maneno "Habari! Changamkia!" Barua isiyo na anwani wala heshima si barua, ni kelele za mnada. Iache.

Kadi ya dhamana: neno hili nalifahamu vizuri. Kwa miaka thelathini na miwili nimeandika maombi ya dhamana kwa ajili ya watu waliokuwa mahabusu, wakiwemo wezi wa mabati na mtu mmoja aliyempiga mkwewe. Mpwa wangu hajashtakiwa. Hawezi kuanza maisha yake ya benki kwa kuomba dhamana kama mtu aliyekamatwa. Iache kwa haraka zaidi ya ile ya kwanza.

Kadi ya dhahabu: inaanza kwa "Mheshimiwa Mteja Mtarajiwa" na kumalizia kwa "Tunabaki kuwa watumishi wako watiifu." Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho kwa sauti mbele ya mlinzi wa lango la ofisi ya ardhi, naye alisimama wima. Watu wanaojua kuandika namna hiyo hawawezi kukupotosha. Chukua hiyo.

Jua la siku hizi ni kali mno kwa kazi ya barazani na utepe wa mashine umefifia. Ukiona herufi zimepandana, lawama ni za utepe.

Mimi Mjomba wako, mwandishi wa maombi, rufaa na malalamiko.


20 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Sote huku tu wazima, kidole kimepona. Tajiri ameanza kuwaaga wateja wake wa zamani, kila mmoja mara tatu tatu, na yule mtu wa magodoro amekuja na futi kupima ukuta wa kaskazini huku mimi nikiwa nimesimama pale pale na lenzi mkononi. Alinipima na mimi, nadhani.

Niliomba kadi ya dhahabu kama ulivyoagiza. Nimekataliwa.

Karani aliishika fomu yangu kwa ncha za kucha. "Nani alikuambia uombe hii?"

"Mjomba wangu. Ni mtu wa nyaraka."

"Mjomba wako hakugeuza karatasi? Nyuma imeandikwa ni ya wenye alama mia saba na kuendelea. Wewe huna hata moja."

Mjomba, kumbe kila unapoomba mkopo, ombi lenyewe linaandikwa katika faili. Kwa hiyo faili langu sasa si tupu tena: limo ombi moja, lililokataliwa. Ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya jina langu pale. Ameniambia nisiombe lolote kwa miezi miwili, nisije nikaonekana mtu anayebisha hodi kila mlango.

Sikulaumu, na Mama asijue. Nauliza tu, maana sijawahi kukuona ukiacha kugeuza karatasi, hata ya kufungia maandazi: nyuma ya zile fomu, uliona nini?

Na kitu kingine. Mistari ya barua yako inateremka kuelekea kulia. Utepe uliofifia hauteremshi mistari.

Mpwa wako.


15 Aprili

YAH: RUFAA DHIDI YA KUKATALIWA KADI

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mimi sijambo.

Nimeiandikia benki rufaa ya kurasa tatu, ambayo nakala yake imeambatanishwa, nikieleza kwa unyenyekevu na taadhima kwamba mwombaji ni binti wa familia isiyodaiwa na yeyote tangu kumbukumbu zianze kutunzwa. Naamini wataona haya.

Kuhusu swali lako juu ya nyuma ya karatasi, suala hilo linashughulikiwa.

Mimi Mjomba wako.


3 Juni

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Rufaa yako ilifika. Karani anaiweka katika mtoto wa meza na kuwasomea wenzake wakati wa chai. Amesema hakuna anayeweza kubadili uamuzi, ila tangu isomwe, meneja ameanza kuandika "kwa taadhima" kwenye matangazo ya foleni. Umeshinda kwa upande huo.

Nimechukua kadi ya dhamana. Usikunje uso, nisikilize kwanza. Hakuna aliyekamatwa. Unaweka benki fedha yako mwenyewe kama rehani, nao wanakupa kadi yenye kiwango hicho hicho. Wao hawana hofu na wewe, na wewe unapata nafasi ya kuonyesha kwamba unalipa. Haina ada ya mwaka, na nimesoma nyuma. Nimekata shauri nisitumie zaidi ya theluthi ya kiwango, niilipe yote kabla ya tarehe ishirini na tano, na nisiifunge hata nitakapopata nyingine nzuri zaidi, kwa sababu kadi ya zamani ndiyo inayokutolea ushahidi kwamba hukuanza jana. Itachukua miezi sita kabla alama ya kwanza haijaonekana. Sikuchagua inayong'aa, nimechagua nitakayoweza kuishi nayo miaka kumi.

Sasa nina ombi la kikazi. Tajiri anataka tangazo la dhamana ya miwani tunayouza (nayo ni dhamana nyingine, isiyo na mahabusu!). Mchapaji wetu ametuletea mfano wenye mistari kumi, na amefanya makosa ya tahajia kila mstari. Pia, kwa sababu anazozijua yeye, kila mstari ni mdogo kuliko uliotangulia. Tafadhali yasahihishe yote kwa wino wako mwekundu, uturudishie.

Mpwa wako.


8 Julai

YAH: TANGAZO LA MISTARI KUMI

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mama yako alikuwa na mafua, sasa anafoka kama kawaida, kwa hiyo amepona.

Nimelirudisha tangazo. Utaona kwamba mstari wa kwanza hadi wa nne nimeisahihisha kikamilifu. Utaona pia kwamba kuanzia mstari wa tano hakuna alama yoyote ya wino mwekundu. Nilikaa na karatasi ile siku mbili, nikaihamisha kutoka barazani hadi juani na kutoka juani hadi dirishani. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba nimewahi kuona karatasi ya namna hiyo, mistari ikipungua, imebandikwa ukutani katika zahanati. Hakuna mchapaji. Umenipima, mpwa wangu. Umenipima kwa barua, kwa sababu ulijua kwa njia nyingine yoyote nisingekubali, nami kwa upande mmoja nimekasirika na kwa upande wa pili sijawahi kuona ombi lililoandaliwa kwa ustadi kama hilo.

Sasa nijibu swali lako la tarehe 20 Machi. Nyuma ya zile fomu niliona kijivu. Niliona ukurasa wa kijivu kama vumbi lililotulia. Nikasoma mbele tu, penye herufi kubwa, nikakuchagulia kwa sifa ya salamu. Ningeweza kumwomba Mama yako anisomee, lakini ningekuwa nimekiri. Kumbukumbu ya kwanza ya jina lako katika benki ni kukataliwa, na aliyeiandika ni mimi.

Si wewe peke yako. Mwezi wa Februari nilimwandikia mjane mmoja ombi la kiwanja namba 68, nacho kilikuwa 63. Nilimrudishia fedha yake na kuandika upya mara mbili. Mlinzi wa lango, ambaye tangu zamani ananiita Bwana Nukta kwa kuwa sisahau nukta, siku hizi ananiuliza kama nimezipeleka likizo. Na wiki iliyopita nilimpa shikamoo ya heshima zote mzee mmoja mrefu aliyesimama uani kwa jirani. Mama yako aliniacha nimalize. Kisha akaniambia, "Kaka, hilo ni koti. Limeanikwa."

Nimekwenda zahanati. Cheti cha vipimo kimeambatanishwa, nakala moja tu.

Mjomba wako.


12 Agosti

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka hadi Tajiri akaja kuangalia kama nimejikata tena. Halafu nikasoma tena barua yote kuanzia juu, na sikucheka.

Umeandika kwamba kumbukumbu ya kwanza ni yako. Haidhuru. Karani anasema kukataliwa mara moja kunafifia, kinachobaki ni malipo ya kila mwezi. Mwezi wa pili umelipwa na wa tatu ninaulipa.

Ndani ya kisanduku hiki kuna miwani. Lenzi nimezisaga mwenyewe, kwa mashine ile ile, Tajiri akiwa amesimama nyuma yangu bila kuimba. Fremu ni ngumu, nyeusi, ya mtu wa nyaraka. Usiifute kwa pindo la shati.

Mpwa wako.

Nyongeza: Lenzi ghafi na fremu nimevinunua kwa kadi. Kwa hiyo deni la kwanza la ukoo wetu litakaa juu ya pua yako.


29 Agosti

YAH: KISANDUKU KIMOJA, KIMEPOKELEWA

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na shukrani nisizokuwa na mahali pa kuziweka katika muundo wa barua.

Nilivaa miwani hiyo dakika tatu. Niliona kwamba ukuta wa barazani una nyufa, kwamba mlinzi wa lango ana mvi, na kwamba mashine yangu ya chapa ina vumbi katikati ya herufi zote. Kisha nikasoma nyongeza yako. Nimeivua na kuiweka kabatini. Sitaivaa hadi nitakapopokea uthibitisho wa maandishi kwamba imelipwa yote, kwa maana siwezi kukaa mbele ya wananchi nikiwa nimevaa deni.

Mama yako anasema mimi ni mwendawazimu. Maoni yake yamewekwa kwenye kumbukumbu.

Mjomba wako.


16 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Stakabadhi imeambatanishwa: yote, hadi senti ya mwisho, siku tisa kabla ya tarehe ishirini na tano. Nimeipiga mhuri wa karakana ili upate usingizi.

Ivae.

Mpwa wako.


19 Desemba

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Naona mistari yako imenyooka, na barua yangu ya mwisho imerudi na makosa tisa ya wino mwekundu. Sijawahi kufurahia makosa kiasi hiki.

Alama yangu ya kwanza imetoka: mia sita na arobaini na moja. Karani aliigeuza skrini ili nione, akasema, "Haya, dada. Sasa tunakujua." Nilitaka kumwomba anichapishie, nikaogopa kuonekana mshamba. Nikarudi kutoka mlangoni nikamwomba. Kanichapishia. Zimebaki alama thelathini na tisa na mwaka mmoja.

Mtu wa magodoro ameongeza bei. Tajiri alimjibu, "Mashine ina mchumba."

Mpwa wako.


4 Septemba

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Poleni na joto. Mama kaniambia umeandika maombi mia moja tangu mwaka uanze na hakuna kiwanja kilichobadilika namba.

Sina la kuzunguka. Alama ni mia sita na tisini na mbili. Miezi kumi na sita bila kuchelewa hata siku moja, kadi ile ile moja, na benki imeniongezea kiwango na kunirudishia rehani yangu. Mwezi wa Mei walinipa fomu ya kadi ya dhahabu, safari hii wao ndio waliobisha hodi. Niliiweka chini ya mguu wa benchi linaloyumba.

Mkopo wa mashine umekubaliwa. Nakala ya mkataba hii hapa, kurasa nane. Natakiwa kutia sahihi kufikia tarehe 30. Mimi nimeusoma mara mbili na sioni tatizo, lakini mwaka jana wewe hukuona na mimi ndiye niliyeona, kwa hiyo sasa ni zamu yako.

Mpwa wako.


15 Septemba

YAH: NUKTA ILIYOPOTEA

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Sote wazima. Naingia moja kwa moja, na barua hii naituma kwa malipo ya haraka.

USITIE SAHIHI.

Ukurasa wa pili, penye herufi kubwa, adhabu ya kuchelewesha rejesho ni asilimia 2.5. Ukurasa wa saba, kifungu cha kumi na nne, kwa herufi ndogo kuliko mstari wa tisa wa lile tangazo lako la uongo, adhabu hiyo hiyo ni asilimia 25. Nimeangalia kwa miwani. Nimeangalia kwa miwani na kioo cha kukuzia kwa pamoja. Nimemwita Mama yako, naye ameangalia na kusema, "Ni kweli, kaka, hakuna kitu hapo." Hakuna nukta.

Sidhani kama ni hila. Nadhani ni mchapaji aliyechoka, kama nilivyokuwa mimi kwenye kiwanja namba 63. Lakini mkataba haujui kuchoka. Ukichelewa siku moja, karatasi itasema ishirini na tano. Kifungu cha kumi na tisa kinasema penye mgongano, ukurasa wa baadaye ndio unaoshinda.

Ombi la marekebisho limeambatanishwa. Nusu ukurasa tu. Mpe yule karani mkononi.

Mjomba wako.


1 Oktoba

Kwako Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena.

Karani alisoma ombi lako akiwa amesimama. Akafungua ukurasa wa pili, akafungua wa saba, akakaa. Akaita ofisi nzima: "Njooni muone! Mzee wa taadhima kaona nukta!" Meneja mwenyewe alitoka, akaomba radhi, wakachapa upya kurasa zote nane. Na hawakunichapia mimi peke yangu, maana fomu ile ile ilikuwa imekwisha kuandaliwa kwa waombaji wengine kumi na wawili. Nimetia sahihi jana, saa nne asubuhi.

Tajiri alinikabidhi ufunguo wa mashine. Alianza hotuba, akashindwa, akaniambia nipake mafuta mkanda kila Jumatatu. Mtu wa magodoro alipita, akatazama, akaagiza miwani ya kusomea.

Nahitaji maneno ya kibao cha mlangoni. Wewe ndiye mwandishi.

Mpwa wako, mwenye karakana.


20 Oktoba

YAH: MANENO YA KIBAO, NA JAMBO LINGINE

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, mwenye karakana. Barua yako nimeisomea barazani kwa sauti. Mlinzi wa lango alisimama wima bila kuambiwa, na jina la Bwana Nukta limerudishwa rasmi. Mama yako amelia, ingawa anadai ni kitunguu, na siku hiyo hatukupika.

Kuhusu kibao, napendekeza: MIWANI HUTENGENEZWA HAPA. Kisha nukta. Usikubali mchoraji aiache.

Kuhusu jambo lingine: Jumatatu iliyopita nilifika katika tawi la benki la hapa kwetu, nikiwa nimevaa koti. Nilimweleza kijana wa dirishani kwamba nina umri wa miaka sitini na sita, sidaiwi na yeyote, na kwa hiyo sijulikani. Nimeweka rehani ya kiasi kidogo. Natarajia kununua utepe mmoja wa mashine kila mwezi na kuulipa kabla ya tarehe ishirini na tano. Kijana aliniuliza ni kadi ipi ninayoitaka. Nikamjibu kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: ya dhamana.

Sijashtakiwa kwa lolote. Nimesoma pande zote mbili.

Mjomba wako.